Nakala ya Saa 12:05 Asubuhi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Rujewa, 16 Januari 2025, saa 4:30 asubuhi
Jina: Ikupa Mwasomola. Umri: miaka 41. Kabila: Mnyakyusa. Kazi: mtengenezaji wa tovuti. Makazi: Ilomba, Mbeya, naishi peke yangu.

Mimi ndiye niliyetengeneza tovuti ya zamu za maji ya Skimu ya Umwagiliaji ya Mwendamaji, hapa Rujewa, mwaka 2021, na ndiye ninayeitunza, nikiwa chumbani kwangu. Kabla ya leo sikuwahi kufika Rujewa.

Mwaka 2023 katibu wa skimu, Sosthenes, alilalamika kuwa tovuti ni nzito alfajiri, wakulima wanapoifungua kwa pamoja. Kila simu iliilazimisha seva kuchota orodha upya kutoka kwenye kanzidata. Nikaiagiza itunze nakala ya ukurasa kwa saa sita na kumpa kila mtu nakala hiyo. Nilimuuliza kama zamu hubadilika katikati ya siku. Alijibu, "Hazibadiliki, dada." Sikuwa na mwingine wa kumuuliza.

Mnamo tarehe 14 Januari 2025, saa 12:05 asubuhi, seva ilitunza nakala iliyoonesha zamu ya saa 4:00 kuwa ya mkulima Shigela. Saa 2:40 Sosthenes aliiandika zamu hiyo kwa mkulima mwenzake Leokadia, aliyefiwa na mama yake. Kumbe huku mfiwa hupewa maji yanayofuata, ili awahi msibani. Sikulijua hilo. Saa 3:52 Shigela alifungua ukurasa, akapewa nakala ya zamani yenye jina lake. Saa 4:00 akafungua lango la shamba lake.

Saa 8:20 mchana Sosthenes alinipigia; simu yake ya kwanza tangu 2023. Alisema, "Shigela yuko ndani, kaiba maji ya msiba. Tena anaisingizia tovuti! Mbona mimi naona jina la Leokadia?"

Nilimweleza kuwa nakala ile ilikwisha muda wake saa 6:05 mchana, na iliyoifuata ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa limejifuta lenyewe. Nikamkumbusha jibu lake la 2023.

"Ah, huko si kubadilisha, dada. Huo ni msiba."

Kumbukumbu za seva zenye saa hizo ninazo mimi tu. Ningenyamaza, asingejua mtu. Nimezichapa, kurasa tatu, nazikabidhi. Shigela alisoma alichooneshwa. Aliyemwonesha ni mimi.

Jana niliiagiza seva ifute nakala kila katibu anapobadilisha zamu. Ni mistari minne. Ingeweza kuandikwa tangu mwanzo.

Leo, nikitoka stendi, nimeuona mfereji wenyewe. Ni mwembamba kuliko nilivyodhani.

Nilichokijua na nilichokitenda ni hicho. Nimesomewa, nimeridhika kuwa ni sahihi.

(Sahihi) I. Mwasomola

Yameandikwa nami, Koplo Anord. Mtuhumiwa Shigela ameachiwa saa 7:10 mchana. Akitoka, alimuuliza shahidi mbele yangu, "Kumbe ile tovuti ina mtu, dada?" Shahidi alijibu, "Yupo mmoja."