Buti Nilizonunua kwa Ajili ya Mazishi

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Ileje tuko salama. Bibi yako anapalilia maharage, kifua hakimsumbui tena. Unauliza kama buti zako mpya za ngozi uzivae siku hiyohiyo ya kupanda mlima huko Moshi. Usithubutu.

Baba yangu alipofariki, nilikwenda Tunduma kununua buti, nimzike nikiwa nadhifu. Nilizijaribu asubuhi, bila soksi, nikaridhika. Kesho yake tukabeba jeneza kupandisha makaburini. Kabla ya nusu ya njia visigino vilikuwa vimechunika. Nikajikaza, lakini nikayumba, na jeneza likayumba nami. Baba mdogo akaninong'oneza, "Mpishe mwenzako, mwanangu." Nikampisha.

Wewe zijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi nene. Vidole vipate nafasi, kisigino kitulie. Halafu zivae nyumbani wiki mbili, hata ukifagia.

Zangu nilizipaka mafuta, nikalima nikiwa nimezivaa, zikalainika. Nimepanda nazo makaburini mara nyingi tangu hapo, bila maumivu yoyote, lakini begani sina tena jeneza la baba.

Babu yako