Vigingi Vibichi vya Lobule

Jumatatu, 15 Februari 1999

Plagi ya pikipiki imekufa tena. Nimetembea kutoka mtaa wa Oli hadi ofisini hapa Arua, vumbi mpaka kwenye meno. Chai ya asubuhi haikuwa na sukari. Mafaili yamerundikana mezani: machimbo ya mchanga, kiwanda cha matofali, bucha inayomwaga damu mtaroni. Yote yanasubiri afisa wa mazingira wa wilaya, yaani mimi, peke yangu.

Mkurugenzi ameniita. Kampuni ya Kampala inataka kujenga nyumba ya kompyuta na mitambo ya simu huko Lobule, mbele ya mji wa Koboko. Jenereta kubwa, mashine za kupoza hewa, tangi la dizeli la kufukiwa ardhini. Wanataka kibali upesi. Utaratibu wa zamani ni kukagua ardhi kiangazi, kurudi wakati wa mvua, kisha kuitisha wenyeji na kutembea nao. Sasa ni kwenda mara moja, fomu moja, muhuri mmoja.

Nimefurahi, na sioni haya. Mimi ndiye niliyeshauri safari ya pili iondolewe. Nimechoka na mikutano. Hotuba tano, soda, halafu mtu anasimama kulalamika kuhusu mbuzi wa jirani.

Alhamisi, 18 Februari

Lobule. Joto la kuua. Gari la ofisi, dereva Dralega, na Mhandisi Ssali wa kampuni. Ssali ana viatu vizuri mno kwa kazi hii.

Barabara hii niliipita nikiwa msichana, mwaka wa kukimbia vita kwenda Kongo, miaka ishirini iliyopita, sufuria kichwani. Mama alikuwa mbele yangu na mdogo wangu Amina mgongoni. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Kiwanja ni nyasi tupu, kimeinuka kidogo, ng'ambo ya njia ya kisimani. Ssali kasema hakuna mtu anayekaa hapa. Kweli sikuona nyumba wala shamba. Kwenye fomu, penye wakazi wa eneo, nimeandika: Hakuna.

Mambo mawili sikuyapenda. Nyasi ni nzuri lakini hakuna mbuzi hata mmoja. Na wanawake wenye mitungi hawakatizi kiwanjani. Wanazunguka mbali, juani, maji kichwani, kisha wanarudi kwenye njia yao. Nimemuuliza Dralega, ambaye mama yake ni Mkakwa, mtu wa huku. Amesema hajui. Hakushuka garini hata kujisaidia. Alimwomba Ssali apishe gari, akaendesha hadi barabarani ndipo akashuka.

Candia, msimamizi wa vibarua, ni mgeni kutoka Nebbi na ana haraka zake. Hakuleta vigingi. Amekata matawi mabichi kwenye ua wa miti wa karibu, akayachonga, akayapigilia kiwanja kizima, mistari kwa mistari. Kazi safi. Nimeweka sahihi ukurasa wa kwanza. Muhuri utafuata.

Jumanne, 9 Machi

Ujumbe wa redio kutoka Koboko. Ssali analalamika kwamba wenyeji wanachezea vigingi. Nikauliza, wameving'oa? Hapana. Wanavizungushia mawe. Wanavifagilia.

Nimecheka ofisi nzima ikasikia. Baadaye sikujua nilikuwa nacheka nini.

Ijumaa, 12 Machi

Nimekwenda peke yangu, kwa pikipiki, bila kumwambia Mkurugenzi. Mvua bado. Ardhi imepasuka, mihogo imenyauka, mbwa wamelala chini ya magari.

Vigingi vimechipua.

Si vyote. Hiki kina majani, kile kikavu kama kuni, viwili vina majani, vitatu vikavu. Nimeyagusa majani. Laini, mabichi, ya leo. Chini ya kila kigingi chenye majani pamefagiwa, pana mawe na kibuyu cha maji. Hakukuwa na upepo. Nilisikia ufagio kabla sijamwona anayefagia.

Ni Mama Kiden, mzee wa boma la karibu, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Hakushtuka kuniona. Alisema, "Wewe nakuja kuona watu yako?"

Nikamwambia mimi ni wa serikali. Akasema, "Serikali pia iko na watu hapa."

Nimeinama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Ameniambia yote huku akifagia. Hapa, mti mbichi hauchomekwi ardhini hivi hivi. Unachomekwa kwa sababu moja tu, kichwani pa mtu aliyefia mbali na kwao, ili ajue alipo. Mwaka wa kukimbia, watu wa Koboko walipita hapa kwenda Kongo. Kiu, surua, kuhara. Walioanguka waliachwa, maana wa nyuma walikuwa wanasukuma. Watu wa Lobule wakawazika. "Sisi naweka yeye kwa udongo, napanda muti, naenda. Sisi pia nakimbia. Kurudi, moto imekula muti yote. Hakuna mutu anajua nani iko wapi."

Halafu akaja Candia na matawi yake mabichi.

Kwa Mama Kiden mambo ni wazi. Kigingi kilichochipua kina mtu chini yake. Kilichokauka hakina. Wafu wamejibu. Anawapa maji kila asubuhi, kwa vile walikufa na kiu.

Mimi nimesoma. Nimejieleza hivi nikiwa njiani: tawi bichi likichipua kiangazi, maana yake maji yako karibu. Kisima kiko chini tu ya mteremko. Tangi la dizeli likivuja, kijiji kizima kitakunywa dizeli. Hii ni sababu ya kitaalamu, naweza kuiandika.

Lakini nilipokuwa nawasha pikipiki sikutaka kugeuka nyuma. Nimegeuka. Mama Kiden alikuwa amesimama kando ya kigingi chenye majani, anaongea nacho.

Jumatatu, 15 Machi

Nimemweleza Mkurugenzi habari ya maji. Nikaomba safari ya pili, wakati wa mvua. Akanitazama. "Madam Zainabu, safari ya pili imeondolewa. Si wewe mwenyewe ulishauri?"

Nilitamani kumrushia kikombe.

Habari ya makaburi sikuitaja. Fomu yangu mpya haina nafasi ya watu wasio na alama. Ile ya zamani ilikuwa nayo, kwa namna yake. Ilisema tembea na wenyeji. Wangenipitisha pembeni, juani, nami ningeuliza kwa nini.

Tumeafikiana kuchimba shimo moja la majaribio. Likitoka maji, mradi unasimama. Likiwa kavu, napiga muhuri na trekta linaingia wiki ijayo. Ssali aliniachia nichague mahali. Nimechagua penye kigingi kikavu, katikati. Pale ambapo hamna mtu.

Najiona mwerevu. Sayansi itaridhika na Mama Kiden ataridhika. Nimekula vizuri leo.

Alhamisi, 18 Machi

Naandika kabla sijanawa mikono.

Vibarua wawili walianza asubuhi, Candia anasimamia. Mama Kiden alikuja na kiti chake kidogo akakaa kutazama. Nilikuwa nimemwambia tutachimba pakavu, naye aliitika. Alikuwa ametulia kabisa. Ssali alikuwa anakula ndizi.

Udongo mwekundu, mgumu. Kisha mweusi. Kisha unyevu. Nikafurahi, nikasema maji hayo, mradi umesimama. Kibarua akainama kuokota kitu, akakipangusa kwenye suruali. Kikombe cha bati, cha mtoto. Akanipa, nikakishika.

Chini yake kulikuwa na shanga za kiunoni, nyekundu na nyeupe, bado zimeshikana. Na vilivyokuwa ndani ya shanga.

Candia, aliyekuwa ameshuka kutazama, alitoka shimoni bila kugusa kingo. Sijui alitokaje. Ssali aliibana ile ndizi mpaka ikapondeka mkononi.

Hakuna aliyelia. Mama Kiden alisimama. Alivitazama vigingi vyote, vibichi na vikavu, mstari mpaka mstari. Uso wake ulibadilika polepole, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko mifupa. Akasema, "Huyu mimi hapana kupa maji."

Akarudia. "Kila siku mimi napita yeye. Kila siku. Mimi nasema hakuna mutu."

Nikaelewa. Vigingi vibichi vilikuwa vibichi kwa sababu ya vibuyu vyake. Alivinyeshea, vikachipua. Vile vilivyochelewa aliviacha, vikafa. Wafu hawakujibu kitu. Wako chini ya vigingi vyote, au hawako popote hasa. Ni kiwanja kizima.

Hapo ningepaswa kupumua. Ni hesabu ya maji tu. Lakini nilikuwa nimeshika kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, na nilikijua. Nyumba zote za askari zilikuwa na vikombe hivyo. Sisi tulikuwa navyo, baba alikuwa askari. Tulipofika Kongo, mgongo wa mama ulikuwa mtupu, na katika vikombe kilipungua kimoja. Hakuna aliyeuliza habari ya Amina. Mimi pia sikuuliza.

Tumefukia. Kikombe nimekirudisha. Mama Kiden alikwenda kisimani akarudi na mtungi mzima.

Ijumaa, 19 Machi

Nimekata neno Hakuna penye wakazi wa eneo. Nimeandika: Wapo. Muhuri sikupiga, nimeufungia kwenye mfuko wangu wa mkono.

Mkurugenzi amepaza sauti mpaka makarani wakatoka nje. Wafu si wakazi, amesema. Wapo maelfu njiani humu, tukiwapisha wote hatutajenga hata choo. Kuna afisa wa misitu, anaweza kukaimu na kusaini Jumatatu. Na mimi, akasema, naweza kuhamishwa, huko Omugo kunahitajika mtu wa kutunza miche.

Hana kosa kwa hilo la choo. Ndilo linaloniudhi.

Jumapili, 21 Machi

Nimemwambia mama. Alikuwa anapepeta mbegu za simsim uani. Nilisema kikombe, nikasema shanga, rangi zake. Hakusimamisha ungo. Nilipomaliza akauliza kama tumemfunika vizuri.

Nikasema ndiyo. Akaingia ndani akavaa.

Tulipanda gari la mizigo hadi Koboko, kisha Lobule, tukafika mchana. Mama hajawahi kurudi njia ile. Alitembea kiwanjani taratibu, amekamata kanga kifuani. Alivipita vigingi vyenye majani bila kutazama. Akafika pale tulipofukia, penye kigingi kikavu, akakaa chini, miguu ameinyoosha, kama mwanamke anayenyonyesha.

"Iko hapa," akasema.

Nilitaka kumwambia hatujui. Watoto wote walivaa shanga zile. Ilikuwa safari ya siku nyingi, kila mti ulifanana na mwenzake. Nikamwuliza tu kama anakumbuka mahali.

"Mimi hapana kumbuka kitu," mama akasema. "Ile ingine iko na mutu yao. Huyu hana mutu."

Mama Kiden akaleta maji. Wawili hao hawajuani. Walimwagia kigingi kikavu kwa zamu mpaka ardhi ikakataa kunywa zaidi. Nilisimama barabarani. Nililia huko, nikijifanya natafuta gari.

Jumanne, 30 Machi

Afisa wa misitu amesaini. Muhuri wangu hawakuuhitaji, wamechonga mwingine.

Trekta limefika Lobule, dereva akaona vigingi akazima. Wanawake wa kisimani walikuwa wamekaa kiwanjani na mitungi yao, kila mmoja penye kigingi kimoja, vikavu navyo. Safari hii hawakuzunguka. Hawakuimba, hawakutukana. Walikaa tu. Dereva wa pili aliitwa kutoka Arua. Ni mtu wa Koboko, naye hakushuka garini.

Dralega ndiye aliyeniletea habari hiyo. Ssali amekuja mwenyewe ofisini. Amepungua mwili. Alisema kampuni itachukua kiwanja kingine, karibu na mji, penye mwamba, na kwamba anaandika sababu ni udongo laini. Nikamwambia ni laini kweli. Akasema bado anaosha mikono.

Alhamisi, 8 Aprili

Barua ya uhamisho. Omugo, miche. Sawa.

Kabla ya kukabidhi ofisi nimerudisha safari ya pili kwenye fomu, kwa kalamu, kila nakala niliyoipata kabatini. Kutembea na wenyeji pia. Watakuja kukata tena. Waache wakate.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua imeanza Arua tangu alfajiri. Nimefunga vitu vyangu, si vingi. Pikipiki inabaki, ni ya ofisi.

Dralega amepita kuaga. Alikuwa Lobule juzi. Vigingi vyote vilikuwa na majani tayari, amesema, hata vya mwisho kabisa barabarani. Ni mvua, nikamwambia. Amesema ndiyo, ni mvua. Lakini kule, amesema, mvua ilianza jana tu.

Mama amekaa mlangoni na simsim yake, miguu ameikunja isilowe. Ameniuliza kama na Koboko inanyesha. Nimesema inanyesha. Amesema vizuri, akaendelea kuchambua.