Kinyesi cha Mzee Msonge

Kituoni, Moshi
Jumanne, 5 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Uru, na magoti yako, na ng'ombe? Mimi mwili mzima ila moyo hapana. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unajibu "eeh, eeh" na ninajua husikii kitu. Barua hii anakuletea Mama Theodora akitoka kuuza ndizi zake sokoni.

Baba, kobe wangu hapa kwenye kituo cha wanyama wanakufa. Nilikwambia walikuja arobaini, vitoto vya wiki chache, kila kimoja kinaenea kwenye kiganja, wamekamatwa ndani ya begi la msafiri. Leo wamebaki thelathini na mmoja. Wanakula majani, tumbo linajaa, halafu majani yanatoka vilevile yalivyoingia. Kila asubuhi nawapima na kila asubuhi wamepungua. Taa ya joto ipo. Masanduku yao nayaosha mara tatu kwa siku kwa maji ya moto na dawa, maana wewe mwenyewe ulinifundisha kufagia kabla jua halijatoka.

Daktari Thadeus, mganga wetu wa wanyama, jana aliniambia wakifa watano zaidi, makao makuu wataleta mtu mwingine. Bado niko kwenye miezi ya majaribio. Nikitoka hapa sijui nitaanzia wapi. Ukiwa na neno lolote niambie, hata la kunituliza tu.

Mwanao,
Dominika


Uru
Ijumaa, 8 Machi 2024

Mwanangu Dominika,

Marahaba. Magoti yananiuma mvua ikitaka kunyesha, kwa hiyo majirani wote wanakuja kuniuliza kama waanike nguo. Ng'ombe hajambo, anakula kuliko mimi.

Unamkumbuka Maua, yule mtamba mwekundu? Ulikuwa darasa la tatu. Alipigwa sindano nyingi za homa, homa ikaisha, lakini akaacha kucheua. Majani yakakaa tumboni siku nne. Marehemu babu yako akaenda kwa ng'ombe wa jirani aliyekuwa akicheua, akamtoa lile donge la majani mdomoni, akaja akamsukumia Maua kooni. Wewe ulisema babu ni mchafu, ukakataa maziwa wiki nzima. Siku ya tatu Maua akacheua.

Babu alisema tumbo la mla majani lina wafanyakazi wake, na zile sindano ziliwaua. Sasa nakuuliza. Hao kobe wako wametiwa begini wakiwa wachanga, udongo hawajaukanyaga, kobe mkubwa hawajamwona. Wafanyakazi wao wangetoka wapi? Na wakijitokeza wawili watatu, wewe unawamwagia dawa kutwa mara tatu. Usijilaumu, mimi ndiye niliyekuzoesha ufagio.

Porini kobe mtoto anaanza kwa kula nini? Nadhani unajua. Sitaliandika neno hilo kwenye barua inayosafiri ndani ya tenga moja na ndizi za watu.

Baba yako,
Remigius


Kituoni, Moshi
Ijumaa, 15 Machi 2024

Baba,

Shikamoo tena. Natumaini mvua imenyesha na magoti yamepumzika.

Nilicheka, kisha nikaisoma tena barua yako. Hapa uani yupo kobe mzee wa aina yao hao hao, tunamwita Mzee Msonge kwa jinsi gamba lake lilivyo kama paa la nyumba ya msonge. Jumamosi niliokota kinyesi chake kibichi, nikakichanganya na udongo wa pale anapolala, nikawawekea kidogo kidogo. Dawa nimeacha, nasuuza kwa maji matupu. Baba, walikikimbilia kabla hata ya majani.

Wawili walikufa Jumapili, wamebaki ishirini na tisa. Tangu hapo hajafa mtu. Leo sita hawakupungua. Hawajaongezeka, hawakupungua tu, na mimi nimetembea uani nikiimba.

Daktari sijamwambia. Naogopa. Nitamwelezaje msomi wa vile kwamba wagonjwa wake nawalisha mavi kwa ushauri uliotoka kwa mtamba?

Pasaka nitapanda huko, niwekee mtori wako wa ndizi.

Mwanao,
Dominika


Uru
Ijumaa, 5 Aprili 2024

Mwanangu,

Sijui kama barua hii itakufikia. Hujambo lakini?

Wiki tatu kimya. Pasaka hukuja, mtori umechacha nikiutazama. Jirani amekupigia simu mara nyingi, haipatikani. Mama Theodora kila akifika hapo getini anaambiwa hakuna kupokea wala kutoa.

Jumanne nikavaa koti la kanisani nikashuka mwenyewe. Yule mlinzi, Primus, mwenzetu wa kutoka Masama, akanisalimia vizuri, akanipigia kelele sikioni: "Mzee, wote wamefungiwa ndani, amri ya daktari." Zaidi ya hapo alisema hajui kitu. Nikaelewa kwamba umekamatwa na kile kinyesi.

Nimemwachia mkungu wa ndizi, na jani la sale nililolifunga fundo, nikasema geti likifunguliwa apewe Daktari Thadeus mkononi. Kwetu anayeletewa sale hakatai kusamehe, wewe unajua. Ndani ya fundo niliweka karatasi kwamba kosa ni la baba, binti alitii tu.

Kama wamekufukuza, rudi nyumbani, chumba chako kipo. Naogopa, Dominika. Nimekaa miaka sabini na moja bila kumwambia mtu neno hilo.

Baba yako


Kituoni, Moshi
Ijumaa, 12 Aprili 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Sijafukuzwa. Nimeanza na hilo ili ukae, halafu usome mengine.

Barua yangu ilipotoka tu, siku ya pili Daktari alikikuta kinyesi sandukuni. Hakufoka. Aliuliza ni cha nani, akakipeleka kwenye hadubini, akaona mayai ya minyoo. Hapo hapo akafunga geti. Karantini, Baba, hakuna mtu wala kitu kuingia au kutoka mpaka vitoto vyote vipimwe mara tatu. Simu yangu nayo ilitumbukia kwenye karai la maji siku hiyo hiyo ya kwanza. Nilijua unahangaika, na mpaka geti lilipofunguliwa wiki hii sikuwa na njia. Nisamehe.

Siku tatu za mwanzo Daktari alinisema mpaka nikachoka kulia. Siku ya nne, nilipomsimulia ulivyoniandikia habari za Maua, aliniita kwenye hadubini. Alisema kobe huzaliwa tumbo lake likiwa na bakteria wachache mno. Wale wa kuvunjavunja majani huingia polepole, kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wakubwa, na wanabadilika kadiri chakula kinavyobadilika, mpaka tumbo linatulia. Kisha akasema, "Baba yako yuko sawa. Ulikosea mawili, hukupima na hukuniambia." Mzee Msonge amepewa dawa ya minyoo, na vitoto tumevihamishia kwenye kinyesi cha kobe mwingine aliyepimwa akaonekana safi.

Wote ishirini na tisa wako hai, Baba, na wote wameongezeka. Juzi nilivunja kinyesi cha kimoja chao, nikakuta majani yamesagika kabisa. Nikakaa chini nikalia na kile kinyesi mkononi. Daktari akatoka nje, nadhani naye alikuwa na machozi yake ya kufuta.

Sasa sale lako. Daktari ni mtu wa Musoma. Alidhani ni lishe ya kobe uliyoileta kama sampuli, akachukua kisu alikate vipande. Primus alikuja mbio akipiga kelele, "Daktari acha, huo ni msamaha!" Alipoelezwa na akasoma karatasi yako, alilitia kwenye glasi ya maji mezani kwake. Amesema kama mila yenu haimruhusu kukataa, basi hakatai. Jana amesaini kwamba majaribio yangu yamekwisha na kazi ni yangu.

Jumapili ya tarehe 21 nakuja.

Mwanao,
Dominika


Uru
Jumanne, 16 Aprili 2024

Mwanangu Dominika,

Marahaba, marahaba tena. Magoti yamepona, hata mvua inanyesha bila kunipa taarifa.

Barua yako nimeisoma mara mbili ndani, ya tatu nikamsomea ng'ombe bandani, maana ukoo wao unahusika. Halafu nikalala mchana kweupe, usingizi ambao sijaupata tangu Pasaka.

Mtori utakuwepo. Njoo na huyo Daktari, aliyepokea sale anapaswa kunywa pombe ya mbege na aliyelileta, na mwambie majani ya kula tutampa mengine.

Ila wewe, ukifika, bombani kwanza. Sabuni mpaka viwikoni, ndipo unipe mkono. Mimi si kobe, tumbo langu lina wafanyakazi wa kutosha.

Baba yako,
Remigius