Mdomo wa Kukodi

Voi, 7 Machi 1993

Kwa binti yangu Mwende,

Nakusalimu. Sisi huku ni wazima, ila goti la mama yako linamsumbua, na mvua imetunyima. Natumaini afya yako ni njema. Akili yako nimeanza kuitilia shaka.

Dada yako Priscilla ameniambia kwamba unaiuza nyumba ya Lewisham kwa bei isiyofikia hata deni la benki, na kwamba umemwajiri mtu akakuombee benki isamehe kitakachobaki. Nilimwambia arudie. Alirudia.

Nimewafundisha watoto wa watu kusema maisha yangu yote. Hata wale waliokuwa vichwa vigumu kama vigingi walitoka darasani kwangu wakijua kujieleza. Leo binti yangu mwenyewe, muuguzi, anakodi mdomo kama mtu akodiye baiskeli. Tena mdomo wa kuombea! Ombaomba wa stesheni ana heshima zaidi, maana huomba mwenyewe.

Deni hulipwa. Mwachishe kazi mtu huyo.

Baba yako


Lewisham, 28 Machi 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ingawa baridi bado haijatuachia. Mpe Mama pole ya goti.

Nikueleze polepole. Nyumba hii tuliinunua mimi na mume wangu Tom wakati kila mtu hapa alikuwa akinunua. Kisha bei zikaanguka, na Tom naye akaondoka. Sasa mshahara wangu hautoshi kulipa mkopo. Benki ikininyang'anya nyumba, itaiuza kwa bei ya kutupa na kunidai pengo lote. Ikikubali nimuuzie mnunuzi niliyempata, kisha ifute kilichobaki, nitakuwa huru. Hospitali ya misheni imeniahidi kazi. Nitarudi nyumbani Desemba. Ndicho ninachokitafuta, Baba: kurudi bila deni mgongoni.

Anayezungumza na benki ni Bwana Chandrakant wa Wembley, mzaliwa wa Kisumu. Nilijaribu mwenyewe kwanza, nikatoka nimeahidi kulipa zaidi. Nilipomsimulia, alicheka mpaka akavua miwani. "Dada, wewe kaa nyumbani. Uso wako unakubali kabla mdomo haujakataa." Sasa watu wa benki wamekaribia kuridhia, kwa kuwa amewaonyesha kwamba sina kitu kingine cha kuchukuliwa. Nimekuambatishia nakala ya barua yao ujionee.

Na siku ya mahari yangu, je? Ulimwita Mzee Philemon akusemee, nawe hukufungua mdomo kutwa nzima. Nilipokuuliza sababu, ulinijibu kwamba mwenye uchungu hajui bei.

Mwanao, Mwende


Voi, 18 Aprili 1993

Mwende,

Salamu. Goti la mama yako lina nafuu.

Usinifananishie mambo yasiyofanana. Philemon ni rafiki yangu. Alisema kwa heshima, si kwa malipo. Huyo wako anauza maneno kwa kibaba kama mafuta ya taa. Na ni maneno gani? Kwamba binti yangu hana kitu!

Barua ya benki nimeisoma. Nimewahi kuwarudisha watoto wa darasa la sita kwa uandishi bora kuliko huo. Watu wa namna hiyo ndio wanaokutisha?

Nimemwandikia meneja wao mimi mwenyewe, kurasa mbili, kwa mkono. Nimemjulisha kwamba unatoka katika ukoo usiokimbia deni. Kwamba una shamba hapa lenye hatimiliki, litakalokuwa lako nikiondoka. Na kwamba utalipa hadi senti ya mwisho.

Sikuhitaji dalali. Nilihitaji stempu tu.

Baba yako


Kilburn, 3 Oktoba 1993

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Usitume tena barua Lewisham. Mlango ule una kufuli la benki. Nimepanga chumba Kilburn.

Barua yako ilifika, na meneja aliipenda. Alimpa Bwana Chandrakant nakala, akamuuliza kwa nini alisema sina kitu, kumbe nina mashamba Afrika. Mashamba! Lile la mawe, ambalo hata mbuzi wako hulizunguka. Mazungumzo yakafungwa siku hiyo hiyo. Mnunuzi akachoka kungoja, benki ikaichukua nyumba na kuitupa kwa bei yake, na pengo lote ni langu. Nikitoka wodini, naenda kuwaogesha wazee wa watu majumbani mwao.

Bwana Chandrakant aliisoma barua yako mara mbili. Akasema, "Dada, baba yako anaandika vizuri sana. Mwombe asiandike tena."

Nami naomba hilo hilo. Desemba siji. Hongera kwa stempu.

Mwende


Voi, 20 Februari 1994

Kwa Mwende, binti yetu,

Hujambo, mwanangu? Kazi za huko hazijakuchosha mno? Sisi tupo. Ni mimi, Mzee Philemon, niliyesema siku ya mahari yako. Usiitupe barua hii kwa sababu tu inatoka Voi.

Baba yako ameniita nimsemee. Ameketi mbele yangu, kimya kama siku ile, isipokuwa alianza kunikosoa mwandiko. Nikamwambia, "Mwalimu, kalamu yako tumeiona ilikotufikisha. Nyamaza au niondoke." Amenyamaza.

Anasema alikosea. Nilimtaka aongeze neno, akatazama ukutani. Basi pokea hilo moja. Anauliza unataka nini ili Desemba ijayo uje, au angalau uandike. Nilimshauri tuanze na kidogo, kama ilivyo desturi. Amekataa. Anasema bei utaje wewe.

Halafu nasikia alikuandikia kwamba mimi sikulipwa. Yule beberu mweusi wa siku ya mahari alikwenda nyumbani kwa nani? Safari hii nimedai malipo mbele, tena nimempandishia makusudi, maana mtu aliyeringa kiasi kile hapunguziwi. Nilikuja nimejiandaa kwa ugomvi wa mchana kutwa.

Alitoa, mwanangu. Hakuuliza hata mara moja kwa nini ni ghali.

Philemon, kwa niaba ya baba yako