Jasho Chini ya Kifuniko

Busia, Jumanne

Kumbe paa halivuji. Yale matone chini ya kifuniko cha tangi ni unyevu wa wimbi lenyewe, nafaka yangu ya uji, maana nililifungia kabla halijakauka. Na ndiyo mbegu pekee niliyobaki nayo tangu tulipofukuzwa kijijini kwetu Kirewa.

Ajiambo, mke wa mwanangu, alicheka. "Baba, ghala la kwenu lilikuwa la fito, upepo ulijipitia. Hili la plastiki umeliziba kama chupa ya soda."

Niliudhika, kwa kuwa alisema kweli.

Wimbi tumelianika siku tatu. Tangi nimelitoboa chini na juu, matundu nikayafunika wavu. Leo nimepitisha kiganja chini ya kifuniko: pakavu. Punje nilizojaribu kwenye kitambaa kibichi zimechipua.

Kirewa sina shamba tena, ila wimbi lake litaota hapa.