Isindu wa Butere Hawaingii Nakuru Bila Karatasi

Jumanne. Mvua imeanza asubuhi na haina haraka ya kuacha. Viatu vyangu viko kando ya jiko, vinanuka kama mbuzi.

Nitasema ukweli bila kujisifu. Ukiniondoa mimi, mji huu wa Nakuru haubaki na kitu. Mimi ndiye mwenyekiti wa Nyumba Kumi sehemu hii yetu ya Bondeni, na gari la serikali likipita kwa barabara yetu lazima lipunguze mwendo. Wenye wivu wanasema ni kwa sababu ya matuta. Wacha waseme. Siku moja niliingia kwa ofisi ya mkubwa fulani bila kubisha, na ni yeye aliyesimama.

Sasa mtu kama huyo ameshindwa kuleta ndege sita kutoka Butere. Ndege wenyewe mmoja anatosha kwa kiganja.

Nimeshindwa leo. Sijasema nimeshindwa.

Jambo lenyewe ni Mama. Alitoka kwetu Butere akaja kukaa kwangu baada ya kulazwa hospitali, na tangu aje hali. Si kwamba chakula hakuna. Mke wangu Rose amepika kuku, amepika samaki, amepika mrenda, amekoroga uji wa wimbi mpaka mwiko ukachoka. Mama anaonja, anasema asante, anafunika sahani. Mikono yake imebaki kama ya mtoto. Daktari alituambia dawa peke yake haitamsimamisha, lazima ale, na aliposema hivyo alinitazama mimi, si Rose.

Halafu asubuhi moja Mama akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Ningepata isindu, ningekula."

Kwa wale hawajui, isindu ni wale kwale wadogo wa madoadoa. Kwetu magharibi watu wanawatega tangu zamani. Unasimika mti mrefu shambani, unautundikia vikapu vyenye isindu waimbaji. Alfajiri wanaimba, wenzao wanaopita juu wanasikia, wanashuka kuwasalimia, wananaswa na vitanzi kwenye nyasi. Mimi nikiwa kijana, likizo ikifika nilikuwa natumwa Butere, na mti niliosimika ulikuwa mrefu mpaka ndege ya abiria ikabidi ipinde kidogo. Asubuhi moja nilinasa isindu wengi hadi mwalimu mkuu akafunga shule watoto waje kusaidia kunyonyoa. Likizo au si likizo, alifunga.

Kwa hivyo nikamwambia, "Mama, isindu utakula."

Akaniangalia vizuri. "Usiibe."

"Ndege wa porini anaibiwaje, Mama?"

"Siku hizi ndege ni wa serikali, nimesikia kwa redio. Na baba yangu hakutega kwa shamba la mtu kabla ya kumpelekea mwenye shamba isindu wa kwanza. Nyama isiyo na ruhusa haishuki kooni mwangu. Nionyeshe karatasi."

Mama hajui kusoma hata herufi moja. Lakini karatasi anaiheshimu. Baba alikuwa mtu wa reli, na katika nyumba ile kitu kisicho na mhuri kilikuwa kama hakipo.

Nikaanzia Njoro. Huko kuna Mzee Kirui, mkulima wa ngano, tunajuana tangu siku niliyomuuzia magunia. Ngano ilikuwa imevunwa, mabua yamesimama, mahali pazuri pa kutega kushinda hata kwetu. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika fimbo.

"Chairman, shamba ni langu, ndege si wangu. Leta karatasi, na huo mti nitakushikia mimi mwenyewe."

Basi nikaenda kwa ofisi ya mambo ya wanyamapori. Nilikuta mama mmoja mpole, miwani imeshuka puani. Nikajitambulisha vizuri, na cheo. Akasikiliza yote.

"Kuwinda hakuna, mzee. Kulipigwa marufuku zamani."

"Hata kwa mtu kama mimi?"

"Hata kwa mtu kama wewe."

Alivyosema hakunidharau, ndio maana sikukasirika. Tena akanifungulia njia nyingine. Kuna leseni ya kufuga, akasema. Ukiwa nayo, unaweza kupokea ndege kutoka kwa mfugaji mwenye leseni yake, na hao ukipenda unachinja, unakula.

Nikaona imeisha. Binamu yangu Wycliffe wa Butere ana kibanda kizima cha isindu, leseni amebandika ukutani kama picha ya harusi. Nikapita kwa kinyozi nikatangaza kwamba isindu wanafika Jumamosi.

Sikujua kaunti zina mipaka hata kwa ndege.

"Chairman," Wycliffe akaniambia kwa simu, "leseni yangu inaishia huku kwetu. Isindu akivuka kuja Nakuru anataka kibali cha safari, barua ya daktari wa mifugo wa huku, na leseni yako ya huko. Na leseni yako haitoki bila barua ya huku."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Mimi nimekwenda Butere na kurudi maisha yangu yote, na magunia, na watoto, mara moja na kabati, na hakuna mtu aliyeniuliza naenda wapi. Isindu anaulizwa.

Gharama nayo sitaki kuiandika hapa yote kwa sababu Rose husoma. Kuna ada ya kuomba, kuna ya ukaguzi, kuna picha, na picha nilipiga mara mbili kwa sababu ya kwanza nilikuwa nacheka. Kuna waya wa kibanda. Kuna kutuma barua huku na huku. Siku moja Rose akasema akiwa anaosha vyombo, bila kugeuka, "Baba Edwin, kwa hiyo pesa tungekuwa na mbuzi. Na sasa angekuwa amezaa."

"Mama hakusema mbuzi," nikamjibu.

Jioni Rose alinipa elfu moja ya chama chake, akaiweka chini ya kikombe changu kama vile imeanguka hapo.

Mkaguzi alipokuja kuona kibanda nilichojenga, aliingiza ngumi yote kwenye waya. "Mzee, hapa isindu atatoka akikusalimia." Nikang'oa waya, nikaweka mwingine mwembamba. Akarudi, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Nilimpa soda. Majirani waliona gari lake limesimama kwangu mara mbili, na hilo peke yake lilikuwa na thamani yake.

Leo sasa. Nimefika ofisini mapema na bahasha ndani ya karatasi ya nailoni, kila kitu ndani. Yule mama wa miwani amepanga karatasi mezani moja moja kama mtu anayecheza karata. Amefika kwa barua ya daktari wa mifugo, akasimama.

"Hii ni picha ya simu, mzee. Umeichapisha. Nahitaji yenyewe, ya wino."

"Madam," nikasema, na nilitaka kumwambia mambo ya gari kupunguza mwendo, lakini hayakutoka. Kilichotoka ni, "Mama yangu hali."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia anajua, nimemwambia tangu siku ya kwanza. Lakini akitia sahihi bila barua yenyewe, ndege watazuiliwa njiani na nitawakosa wote, na hapo nitakuwa nimerudi mwanzo. "Ikifika kesho, hata kama tumefunga, gonga. Nitakungoja."

Nilisimama barazani kwao muda. Mvua ilikuwa inanipiga machoni.

Nikampigia Wycliffe. Akasema barua ya wino itasafiri na basi la leo, asubuhi itakuwa Nakuru. Halafu akauliza, kwa ile sauti ya mtu aliyefanya kitu, "Yule mama wa ndizi amefika kwako?"

"Mama gani wa ndizi?"

"Basi enda nyumbani, Chairman."

Nilikuta kikapu jikoni. Mfanyabiashara mmoja wa ndizi anayeleta mzigo huku soko la Nakuru alikuwa amekiacha kwa Rose na salamu. Ndani kulikuwa na isindu mmoja, jike, amenuna. Wycliffe alikuwa amemtuma bila kibali, bila barua, bila hata kuniuliza, eti wa kuonjesha. Kwa nyumba ya mwenyekiti wa Nyumba Kumi! Nilifunga mlango, nikafunga na dirisha.

Halafu ndio nikamwona Mama.

Mama alikuwa hajatoka kitandani tangu Jumapili. Alikuwa ameketi kwa kigoda karibu na kikapu, shuka mabegani, anachungulia. Chini ya yule ndege kulikuwa na yai. Dogo, la madoadoa, kama jiwe zuri la mtoni.

"Ametaga, maskini, na safari yote hiyo," Mama akasema. Akamgeukia Rose. "Nichemshie hili. Na usonge ugali wa wimbi kidogo."

Rose alikuwa ameshashika sufuria Mama akanigeukia mimi.

"Karatasi iko?"

Rose akasimama na sufuria yake. Maji yakawa yanadondoka kutoka kwa bomba, tone, tone. Ninajua kuongea, kila mtu Bondeni anajua. Nilikuwa naweza kumweleza Mama habari za wino, na basi la leo, na kesho. Niliangalia mikono yake.

Nikaingia chumbani, nikatoka na karatasi yenye mhuri.

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole juu ya mhuri, polepole, akauzunguka wote. "Soma," akasema. Nikasimama wima nikasoma kwa sauti ya mahakamani, kwamba serikali, baada ya kukagua kibanda na kuridhika, inamruhusu mama mzazi wa mwenyekiti kula isindu na mayai ya isindu, asisumbuliwe na mtu. Rose aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka na sijui alikuwa anacheka au nini.

Mama akafumba macho, akaomba, akala.

Alikula yai lote. Alikula ugali wote. Alipangusa sahani kwa kidole kama alivyotukataza sisi tukiwa wadogo. Kisha akauliza kama huyu ndege atataga tena kesho. Tangu aje kwangu, hajawahi kuuliza habari ya kesho.

Sasa amelala, na mimi niko macho na simu hii. Basi likiingia asubuhi litanikuta stendi. Barua nitaipeleka mwenyewe, nimeikumbatia, mvua inyeshe isinyeshe, na nikikuta wamefunga nitagonga. Habari ya huyu mmoja wa kikapu nitamwambia yule mama wa miwani kwa mdomo wangu, anitoze faini akitaka, nitalipa. Lakini jioni sitarudi bila leseni. Mama atataka kuiona tena, namjua, na safari hii kijana wetu Edwin anaweza kuwa hapa, na Edwin anasoma vizuri kuliko mimi.

Kwa sababu ile niliyosoma ilikuwa kadi ya chanjo ya mbwa. Na hata hiyo muda wake uliisha mwaka jana.