Shibiri ya Nyongeza

Isevya, Tabora
Machi 1968

Shangazi Zeyana, shikamoo.

Mvua huku zimekatika mapema. Halua nimempa msafiri wa treni, ikifika nijulishe.

Unauliza lini nitakuja Bujumbura kushika duka lako. Shangazi, sijui. Tangu Baba afunge lake, nauza vitambaa katika duka la ushirika, na sasa kamati inataka kunipeleka chuoni Moshi, nirudi meneja. Nilifurahi, kisha furaha ikanitoka, sielewi kwa nini.

Mwezi uliopita vitambaa vilipungua, wakadhani naiba. Kumbe ni mkono wangu tu: nikishapima yadi za mteja, namwongezea shibiri moja, kama Baba alivyonifunza. Mwenyekiti akaniambia, "Ndugu Nasor, hiyo shibiri ni mali ya umma." Nikaona kweli. Siku hizi nakata palepale kwenye alama.

Ijumaa Baba alikuja kununua kitambaa cha kanzu. Nikampima, nikakata, nikakunja. Akalipa, lakini hakuondoka. Alisimama pale kaunta akiutazama mkono wangu wenye mkasi.

"Kuna kingine, Baba?"

"Hakuna, bwana karani," akasema, akaenda zake.

Hajawahi kuniita hivyo. Nyumbani tunakula pamoja, tunazungumza habari za mvua. Kitambaa kipo pale pale kitini, hajakipeleka kwa fundi.

Niende Moshi, Shangazi, au nije? Na nikija, kwako bado mnaongeza?

Nakubusu mikono,
Nasor